Persuade au convince? Angalia kinachofuata, na usiisahau urge

Chukua sentensi hii, "nilimshawishi akakataa". Kwa Kiswahili iko sawa kabisa, hakuna atakayekushangaa, kwa sababu kushawishi kwetu ni ile kazi ya kuongea na mtu, kumbembeleza, kumpa sababu, akubali asikubali hiyo ni habari nyingine. Sasa ibebe vilevile uipeleke kwenye Kiingereza, "I persuaded him but he refused", na msomaji mwenye lugha yake atasita hapo kidogo, maana ndani ya persuade mtu ameshakubali tayari. Ni kama kusema umemuua nyoka halafu nyoka akakimbia.

Nimeanza na hiyo makusudi. Watu wanakabana koo persuade na convince ipi sahihi, convince inakaa na to au haikai, wakati kosa linaloumbua watu kwenye maimeili na maripoti wala siyo hilo. Kosa ni kutumia kitenzi cha kufanikiwa mahali ambapo mtu alijaribu tu. Hilo la to na that lipo na tutalifikia, ila mi naliweka la pili.

Kwa hiyo kabla hujachagua kitenzi jiulize mambo mawili: alikubali au bado, na kama alikubali, alikubali kufanya kitu au alikubali kuamini kitu. Karibu mengine yote yanatoka hapo.

Alikubali, au ulijaribu tu?

Upande wa kujaribu kuna urge, encourage, advise, beg, plead with, na ile ya watu wote try to persuade. Hizi zinasema mdomo ulifanya kazi, hazisemi matokeo. "I urged him to apologise" ni nilimsihi sana aombe msamaha, na ukimalizia na "but he wouldn't" hakuna kinachogongana. Encourage ni laini zaidi, ni kumtia mtu moyo, mara nyingi hata mwenyewe alikuwa anataka ila anasitasita. Advise unatoa ushauri wako unakaa pembeni, halafu tafadhali sana, kitenzi kinaandikwa kwa s, advise, na nomino kwa c, advice, na hiyo nomino kwenye maana ya ushauri haichukui wingi, usiandike "he gave me many advices", andika "a lot of advice" uendelee na maisha.

Upande wa kufanikiwa kuna persuade, convince, talk into, get, win over, bring round. Ukitumia mojawapo ya hizi kwa wakati uliopita msomaji anahesabu jambo limekwisha. Bosi akisoma "we persuaded the client to extend the deadline" anaenda kubadilisha ratiba hapohapo, anajua klayenti kashasema ndiyo. Kama klayenti bado anafikiria ulitakiwa uandike "we have asked the client" au "we are trying to persuade the client". Unaona sasa hii haiishii kwenye gramma, kuna mtu anafanya maamuzi kwa sababu ya kitenzi ulichochagua, na akija kugundua klayenti hajakubali atakuona wewe muongo wakati ulikuwa unatafsiri tu.

Kwenye kukanusha mambo ni mepesi. "I couldn't persuade her" ni nilijaribu ikashindikana, na "she would not be persuaded" ni aligoma katakata, hii ina harufu ya kitabuni kidogo. Na ukiweka ile ya inaendelea, "I was persuading her when you called", utaeleweka, lakini wenyewe wengi wangesema "I was trying to persuade her", ifuate hiyo hutajuta.

Aende, au kwamba?

Haya, persuade na convince zenyewe. Kanuni ya zamani iliyoshikiliwa na walimu na wahariri wengi ni kwamba persuade ni ya kitendo, inafuatwa na to, na convince ni ya imani, inafuatwa na that au of. Shirika la habari la Associated Press lenye kitabu chake cha kanuni za uandishi limewahi kuiweka hivyohivyo, unakuwa convinced of au that, lakini unakuwa persuaded to. Watu wanaikariri hii leo, kesho imeshapotea, wakati sisi tuna njia ya mkato ambayo iko kwenye Kiswahili chetu wenyewe na hatuitumii. Sikiliza kinachokuja baada ya kushawishi. Kikiwa ni kile kitenzi cha kutaka jambo lifanyike, aende, asaini, anunue, wasubiri, hapo nenda na persuade na to. Kikiwa ni kwamba au kuwa, nenda na convince na that.

"Nilimshawishi auze gari" inakuwa "I persuaded him to sell the car". "Nilimshawishi kwamba gari limechoka" inakuwa "I convinced him that the car was worn out". Mtu yuleyule, gari lilelile, pengine hata mazungumzo yaleyale, ila kwenye ya kwanza gari limeuzwa na kwenye ya pili gari bado limepaki nje na mwenye gari amebadilisha mawazo tu. Angalizo dogo, usiende kutafuta ile e ya mwishoni kwa macho, kuna vitenzi kama rudi, jibu na fikiri ambavyo havibadiliki mwisho, arudi, ajibu, afikiri, sikiliza muundo siyo herufi.

Kikifuata kitu badala ya sentensi nzima basi ni of. "She convinced the court of her innocence", aliiaminisha mahakama kwamba hana hatia. "You'll never convince him of the danger", hutamfanya aone hatari iliyopo. About utaisikia kwenye mazungumzo hasa mtu akiwa na wasiwasi, "I'm not convinced about the colour", yaani rangi yenyewe bado haijaniingia akilini, hapo hakuna tatizo, ila kwenye kumshawishi mtu mwingine kaa na of.

Nikuambie ukweli lakini, hiyo kanuni ni mstari uliochorwa baadaye juu ya lugha ambayo haikuwa inaufuata. Persuade imetumika kwenye imani kwa karne na karne. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ya mwaka 1611, Warumi 8:38, Paulo anasema "For I am persuaded, that neither death, nor life", na hapo hakuna kitendo chochote, ni imani tupu na that yake iko palepale. Na ndani ya Biblia hiyohiyo, Matendo 26:28, Agripa anamwambia Paulo "Almost thou persuadest me to be a Christian", hii sasa na to. Kwa hiyo persuade ina miguu yote miwili tangu zamani, mtu akikukosoa kwa kuandika "persuade him that" anakuonea. Ni sahihi, ila inasikika rasmi kidogo kuliko convince.

Iliyo changa ni convince na to, "I convinced him to stay". Hii ilianza kushika kasi katikati ya karne ya 20, hasa Marekani, na wakali wa lugha wakapiga kelele sana, wakashindwa. Leo Oxford, Cambridge na Longman, zile kamusi za wanafunzi, zote zinaiweka bila aibu. Kwenye mazungumzo ya kawaida, mitandaoni, kwenye filamu, utaisikia kila saa na hakuna anayegeuka kuangalia.

Sasa uchague ipi? Kama unaandika mtihani, barua rasmi, tasnifu, au unajua kuna mhariri wa kizazi cha zamani atapitia, fuata kanuni ya zamani kama ilivyo, persuade to, convince that, convince of, kwa sababu hizo hazijawahi kuwa kosa kwa mtu yeyote, wa zamani wala wa sasa. Kama unachati au unaandika kitu chepesi, "convince him to" ruhusa. Ambazo mi ningekuzuia kila mahali ni "convince him into", kwa sababu into ina vitenzi vyake, persuade na talk, na "convince him for going" ambayo haina kwao.

Kukubali bila kuridhika

Hapa ndo mi naona hii tofauti ina faida kweli, siyo ya kumfurahisha mwalimu tu. Mtu anaweza kuwa persuaded bila kuwa convinced. "He persuaded me to sign, but I wasn't convinced." Alinishawishi nikasaini lakini moyoni sikuridhika. Mkono ulisaini, kichwa bado kinauliza maswali. Na kinyume chake kipo vilevile, mvutaji wa sigara anaweza kukuambia "I'm convinced that smoking kills, but nobody has persuaded me to quit", anaamini kabisa sigara inaua ila hakuna aliyeweza kumfanya aache. Jaribu kuandika sentensi hizo mbili kwa kitenzi kimoja tu uone zinavyochosha. Ukiwa unazichanganya persuade na convince kila siku kama mapacha, siku unayohitaji kusema jambo kama hili unakosa pa kushika.

Ukiangalia zilikotoka unaelewa. Convince ni ya Kilatini, vincere, kushinda, na mwanzoni kwenye Kiingereza ilikuwa na huo ubabe wa kumshinda mtu. Shakespeare kwenye Macbeth anamfanya Lady Macbeth aseme atawa-convince walinzi wawili wa mfalme kwa mvinyo, na hapo hazungumzii hoja hata kidogo, anataka kuwalewesha mpaka wazidiwe. Persuade yenyewe ina suadere ndani yake, kushauri, kuhimiza. Kwa hiyo convince inashinda shaka iliyo kichwani, persuade inamsogeza mtu kutoka alipokuwa.

Na convict ni ndugu wa damu wa convince, mzizi mmoja, ndo maana watu wanazipishanisha. "I am convicted that this project will succeed" kwenye barua ya kuomba kazi ni hatari tupu, msomaji anasikia mahakama na hukumu. Walokole wanaoongea Kiingereza wanayo convicted yao, mtu kuchomwa moyoni kwa dhambi, na huko iko sahihi, iache hukohuko. Wewe unataka "I am convinced that". Ila nomino sasa, conviction, inabeba yote mawili, imani thabiti na kutiwa hatiani, ukisema "she spoke with conviction" umemsifia, ukisema "she has a conviction" wengi watadhani amewahi kufungwa, au angalau kupatikana na hatia.

Wapi tunamsahau mtu

Kiswahili kinamficha mtu ndani ya kitenzi, nilimshawishi, ile m ndo yeye. Kiingereza kinamtaka atoke nje asimame peke yake. Matokeo yake unakutana na "I persuaded to go" na "we convinced that the price was fair", mtu kapotea njiani. Persuade na convince zikiwa za kutenda lazima umtaje anayeshawishiwa, I persuaded him, I persuaded my sister, we convinced the buyers. Na anakuja moja kwa moja bila kuwekewa to mbele yake, "I persuaded to him" na "he convinced to me" ni za kufuta.

Hiyo "I convinced that" mara nyingi mwandishi alikuwa anataka kusema nimeshawishika. Kushawishika kuna ile ika, na Kiingereza kinaitoa kwa am au was, "I am convinced that this is the best option". Ukiona sentensi yako ya Kiswahili ina shawishika, weka am, is, are, was, were, chochote kinachofaa, usiiache convince uchi.

Halafu kuna hii ya kuleta aende nzimanzima, "I persuaded him he goes" au "I persuaded that he goes". Hapana. Ile a ya aende imeshakuwa him, na ende imekuwa to go, biashara imeisha. To go haibadiliki hata ukiwa unaongelea mwaka juzi, "I persuaded him to went" haipo duniani.

Kumshawishi asifanye

"Nilimshawishi asiuze" na "sikumshawishi auze" ni vitu viwili tofauti kabisa na Kiingereza kinavitenganisha kwa mahali pa not. "I persuaded him not to sell", nimefanikiwa na gari halijauzwa. "I didn't persuade him to sell", sikufanikiwa, au hata sikujaribu, ugomvi wake mwenyewe. Ukiweka not mahali pasipo pake umegeuza habari.

Kwa kumzuia mtu una machaguo matatu mazuri. Persuade not to ni salama kila mahali. Talk out of ni ya mdomoni zaidi na ina joto, "we talked him out of selling". Dissuade from ni ya koti na tai, "they dissuaded him from selling", na inataka from na ing, siyo to. Kuna watu wanaandika "dissuade him not to sell" wakidhani wanakazia, kumbe wamekanusha mara mbili. Discourage from iko jirani lakini ni dhaifu, unamvunja moyo tu, anaweza akauza hivyohivyo na asikuambie.

Tulimshawishi baba aende hospitali

Hii sentensi moja tuikae nayo kwa sababu kushawishi ni neno pana, na Kiingereza kinakulazimisha useme mlimshawishije. Mzee anaumwa kifua siku ya tatu, hataki kusikia habari ya daktari.

Mkiwa mmekaa naye mmempa sababu zikamwingia akanyanyuka, "we persuaded him to go to hospital". Hii ndo ya kati, haina rangi, ukikosa nyingine tumia hii. Mkiwa mmemwonyesha kwamba hayo maumivu siyo ya kupuuza akaelewa, "we convinced him that it was serious", na kama alikwenda kwa sababu hiyo utaongeza. Mkiwa mmeongea, mmeongea, mmezunguka huku na huku mpaka akachoka kubisha, "we talked him into going". Talk into ina kaharufu ka kwamba mwenyewe hakutaka, na ndo maana mtu akijutia kitu anasema "they talked me into it", anawatupia lawama kidogo. Na kumbuka ni ing, talked him into going, siyo into go.

Dada mdogo ndo aliyemwendea polepole, kamshika mkono, taratibu, maneno matamu, "she coaxed him into going". Coax ni upole na subira, na cha ajabu inafanya kazi hata kwa vitu, unaweza ku-coax injini ya gari la zamani mpaka iwake, persuade kwenye injini ni utani. Cajole ni dada yake coax lakini ana ujanja, kuna kusifiasifia na viahadi humo ndani, usiitumie kwa mtu unayemheshimu bila kufikiria. Wheedle imezidi, huyo anadeka ili apate kitu.

Mama alikuwa anarudia kila baada ya dakika kumi, umeenda, utaenda lini, si nilikuambia, hiyo ni nag, "she nagged him into going". Kaka mkubwa alimwambia usipokwenda sitoi tena hela ya dawa, hapo ushawishi umeisha, ni pressure, "he pressured him into going". Mkambeba mkamwingiza kwenye gari ni force. Mkamdanganya mnakwenda kumwona mjomba ni trick, "they tricked him into going". Angalia into inavyorudi rudi, coax into, nag into, pressure into, trick into, talk into, zote na ing, ukishika moja umeshika zote. Coax, nag na pressure zinakubali to pia, force ndo kwao hasa ni to, "they forced him to go", ila trick na talk kaa na into.

Na kama hutaki kusema mlitumia njia gani, unataka tu kusema hatimaye alikwenda, Kiingereza cha kila siku kina get, "we finally got him to go". Get haielezi kitu na ndo raha yake. Iko na to. Jirani yake make haina, "we made him go", na make ni kumlazimisha siyo kumshawishi, ila ukiigeuza iwe ya kutendwa to inarudi, "he was made to go". Najua inakera, gramma haikuahidi haki.

Ila kama mzee mpaka leo amekaa sebuleni, zote hizo nilizotaja za into na got na made hazikuhusu. Wewe una "we urged him to go", "we begged him to go", "we tried to persuade him", na unaendelea kuomba.

Suggest na recommend, pita haraka

"He suggested me to apply" inaandikwa sana na siyo sahihi. Suggest haimtaki mtu halafu to. Sema "he suggested that I apply" au "he suggested applying". Recommend inafuata njia hiyohiyo, ingawa "recommend him to" utaikuta kwa Waingereza wengine. Insist ni on na ing au that, "she insisted on paying". Advise, urge, encourage ndo zenye mtu na to. Mtu akitaka asifikirie sana, badala ya "suggested me to" aweke "advised me to" na sentensi inapona bila kugusa kitu kingine.

Tempt, seduce na hatari ya kamusi

Kushawishi ina upande wake wa giza, hata sala ya Baba Yetu ya Wakatoliki inasema usitutie katika kishawishi, na hapo Kiingereza kina tempt na temptation. Ukitumia tempt unasema kitu kinavutia ila pengine hakifai, "I was tempted to quit", nusura niache kazi, na mara nyingi hujaacha. Hapo tempt inakaa upande wa kujaribu, siyo upande wa persuade. Entice na lure zina chambo, mshahara mkubwa, ofa, zawadi. Induce ni ya kwenye mikataba na mahospitali.

Seduce ndo ya kuogopa. Kamusi nyingine ukitafuta kushawishi inakupa na seduce kwenye orodha, mtu anaichukua anaandika "my manager seduced me to join the company" na ofisi nzima inanyamaza. Seduce ikiwa na mtu baada yake watu wanaenda chumbani moja kwa moja kwenye mawazo. Kwa mafumbo inatumika, "seduced by the low price", ila mpaka uwe na uhakika na unachofanya iache.

Influence nayo siyo persuade. Ni kuathiri mtu, polepole, hata bila kukusudia, hata bila kuongea naye, na ndo maana yule mwenye wafuasi laki tano tunamwita influensa, hajaongea na wewe ana kwa ana lakini viatu umenunua. Kitenzi hakitaki on, "she influenced me". Nomino ndo inayo, "she was a good influence on me".

Assure na ensure zinachanganywa na convince kwa sababu ya hakikisha. Kumhakikishia mtu ni assure, "I assured her that the money was safe", unampa neno lako, yeye kuamini au kutoamini ni juu yake. Akiamini ndo sasa "I convinced her". Kuhakikisha kitu kinafanyika ni ensure, na hapo hakuna mtu wa kushawishiwa kabisa.

Persuasive au convincing

Za sifa hizi nazo hazibadilishani kila mahali. Mtu ni persuasive, ana mdomo, anaweza kukuuzia mchanga. Hoja inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, persuasive argument inakuvuta, convincing argument imekufungia milango yote ya kubisha. Ushahidi ni convincing mara nyingi. Uongo ukiaminika ni "a convincing lie", mwigizaji akiigiza polisi ukasahau kuwa siyo polisi ni convincing, kisingizio kisichoingia akilini ni "not very convincing". Kwenye wasifu wako wa kazi sema "persuasive communicator" au "strong persuasion skills", kwa sababu "convincing communicator" inaweza kusikika kama unaonekana mwasiliani lakini siyo.

Halafu kuna ya kwenye mpira ambayo huwezi kuibadilisha hata ufanyeje. Timu ikipata 1-0 kwa penati ya dakika za nyongeza hiyo ni win tu, ikipiga 4-0 na mpira wote iliushika yenyewe ndo "a convincing win", imeshinda kiasi kwamba hakuna wa kubisha. "A persuasive win" sijui itakuwa wamewabembeleza wapinzani wafungwe.